Kidole cha Tano cha Babu

Nilimchongea marehemu babu yangu kidole. Nilimchongea ukutani, kwa msumari wa inchi sita, Ijumaa moja mchana, na nilipomaliza nilirudi nyuma hatua tatu nikakitazama, nikajiona fundi. Nilikuwa na miaka minane. Nayasema haya mapema ili msije mkafika katikati mkaniambia niliwaficha.

Kilichonikumbusha ni chokaa. Wiki hii ninapaka chokaa bweni letu zima, ndani na nje, kwa kosa ambalo mwalimu wa zamu anasema ni langu na ambalo, kusema kweli, ni langu. Mnajua chokaa ikitiwa maji inavyochemka yenyewe bila moto, ikatoa ile harufu ya jiwe lililonyeshewa baada ya jua kali. Wenzangu wanaziba pua. Mimi nainama juu ya pipa navuta pumzi, na mara siko shuleni tena. Niko Kisauni, nyuma ya mlango wa ghala, mabega yameniuma, na nina haraka kabla mama hajarudi.

Tulikaa katika nyumba ya mawe ya misheni, ile ya zamani yenye kuta nene hata ukiegemea dirishani kiwiliwili chote kinabaki ndani ya ukuta. Msidhani tulikuwa matajiri. Juu hakukaa mtu ila popo. Chini mama alipewa vyumba viwili na ghala, kwa sharti aifagie nyumba yote na kufua vitambaa vya kanisa. Baba alikuwa vitani, mbali huko ambako barua ilichukua miezi kufika, na ikifika maneno nusu yamefutwa kwa wino mweusi. Basi tulikuwa wawili, na popo.

Mlangoni palikuwa na kibao cha shaba kilichosema nyumba ile ilijengwa na padri fulani Mzungu, aliyekufa zamani. Mama alikuwa akikisugua kibao hicho kila Jumamosi, na kila akikisugua alisonya.

"Padri alikaa kivulini akinywa chai," alikuwa akisema. "Aliyekuwa juu ya dari juani ni baba yangu."

Babu, Fundi Ngowa, alikufa kabla sijazaliwa. Mama alikuwa na mambo mawili tu aliyoyataka duniani: baba arudi mzima, na jina la Fundi Ngowa liandikwe mahali. La kwanza alimwachia Mungu. La pili alilipigania mwenyewe, na kila mara Mzee Zakaria, mzee wa kanisa letu, alimkata maneno. "Mama Daudi, baba yako alikuwa mpaka chokaa. Mpaka chokaa si mjenzi. Ukipaka gari rangi, umelitengeneza wewe?" Watu walicheka. Mzee Zakaria alikuwa na sauti ya kusomea matangazo, na jambo likishasemwa kwa sauti ile lilikuwa limekwisha.

Ndipo wakaja watu wa chama.

Kilikuwa chama cha watu wapendao majumba ya kale: Wazungu wa maofisini, Wahindi wawili watatu, mwalimu mmoja Mwarabu kutoka mjini. Kazi yao, mkiweza kuamini, ilikuwa kwenda kutazama nyumba za watu. Hawakununua, hawakupanga. Walitazama. Walikuwa wametenga siku mbili, Jumamosi na Jumapili. Kundi moja lingekuja kwetu Jumamosi huku jingine likienda Likoni, na siku ya pili wangebadilishana. Wiki moja kabla, mkubwa wao alifika peke yake kwa baiskeli kukagua njia, maana petroli ilikuwa adimu kwa sababu ya vita na wanachama wangevuka daraja kwa miguu na kwa baiskeli. Alikuwa mrefu, mwembamba, amevuta soksi hadi magotini kwenye joto lile. Mimi nilimwita Bwana Soksi, na hata sasa sijui jina lake jingine.

Mama alimngoja ashuke baiskeli, akamwambia habari za Fundi Ngowa. Yeye hakucheka. Alisema kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "Mama, katika kila nyumba mtu mmoja huniambia baba yake aliijenga. Nionyeshe kitu, nami nitaandika katika kitabu cha chama. Bila kitu, siandiki."

"Kitu kipo," mama akasema. "Njoo Jumamosi."

Na kweli kilikuwapo. Mafundi wa nyumba za mawe na chokaa wa enzi zile walikuwa na desturi yao. Nyumba ikikamilika, mkubwa wao aliweka kiganja kwenye lipu mbichi, mahali pasipoonekana ovyo, chini ya ngazi au nyuma ya mlango. Mkubwa wao peke yake. Kibarua akithubutu kuweka chake, alifukuzwa siku hiyo hiyo. Babu aliweka chake nyuma ya mlango wa ghala, na hapangekuwa na ubishi ni cha nani, maana ujanani tindo lilimkata kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kikatoka chote. Kisauni nzima ilimjua kwa mkono ule. Alama yenye vidole vinne ni Fundi Ngowa, basi.

Sasa mnaanza kuona ninakokwenda. Tafadhali msinitangulie.

Haya yote mimi sikuyajua. Mama hakunieleza, kwa sababu nilikuwa na mdomo. Nilikuwa nimewahi kuwaambia watoto wa shule ya Jumapili kwamba ndani ya tangi la maji la kanisa mna mamba kipofu anayelishwa sadaka, na kwa majuma mawili hakuna aliyekwenda kuteka maji, hata Mzee Zakaria alichungulia kwanza. Mtoto kama huyo humwambii siri. Kwa hiyo Ijumaa asubuhi, akiwa anabeba karai la nguo kwenda kanisani, mama alisema tu:

"Daudi, toa yale magunia ya makumbi ya nazi nyuma ya mlango wa ghala, upafagie. Wageni wa kesho watapatazama pale kuliko mahali popote."

"Kwa nini pale?"

"Fagia. Utajua kesho."

Wageni watapatazama kuliko mahali popote. Moyo uliniruka, kwa sababu mimi niliwajua watu wanaokuja kutazama nyumba wakiwa na daftari. Miezi michache nyuma bwana afya alifika Magogoni na daftari lake. Alizunguka nyumba ya rafiki yangu, akauliza dirisha la jikoni liko wapi. Hakuna. Choo kina mlango? Hakina. Aliandika, akachovya brashi kwenye kopo la lami, akapiga msalaba ukutani. Juma lililofuata nyumba ilikuwa kifusi, na rafiki yangu amehamia kwa shangazi yake Changamwe. Mimi nilijifunza somo langu: mtu mwenye daftari hutafuta kilichopungua. Akikiona, mmekwisha. Na hawa hawakuwa mmoja, walikuwa kundi zima, siku mbili mfululizo!

Nilitoa magunia mbio. Nilifagia buibui, nikafagia vinyesi vya popo, nikausukuma mlango ili mwanga uingie. Na pale ukutani, kimo cha kifua cha mtu mzima, nikaona mkono. Nilikuwa nimejificha pale mara mia na sikuwahi kuuona, kwa sababu ya magunia. Mkono mzuri, umezama katika lipu, gumba limejitenga, kiganja kipana. Nikahesabu vidole. Nikahesabu tena.

Kimoja kilipungua.

Kumbe ndicho mama alichomaanisha! Watu wa daftari watakuja moja kwa moja hapa, wahesabu, waone vinne, na kopo la lami litafunguliwa. Sikujiuliza kwa nini mtu abomolewe nyumba kwa sababu ya kidole. Bwana afya aliibomoa ile nyingine kwa sababu ya dirisha, na dirisha ni nini? Nafasi tu. Hiki angalau kilikuwa kiungo cha mwili.

Nikatafuta msumari.

Lipu ya babu ilikuwa ngumu kama jino. Nilichonga tangu jua liko juu ya mnazi wa kanisa mpaka likaanza kuteremka, nikitema mate kulainisha, kwa mkono wa kushoto, maana mimi ni wa mkono wa kushoto. Kidole kilitoka kimepinda kidogo kwenye ncha, kama kinamwita mtu. Kilikuwa cheupe pe pe pe kati ya vinne vilivyozeeka, basi nikachukua masizi ya sufuria, nikachanganya na mafuta ya nazi, nikakipaka hadi kikafanana na ndugu zake. Vitano kamili. Nikafagia unga wa chokaa, nikala muhogo, nikalala usingizi wa mtu aliyeiokoa familia yake. Mama alirudi jioni amechoka, akachungulia ghala kutoka mlangoni tu, akasema, "Umefagia vizuri, mwanangu." Nilivimba kichwa.

Jumamosi walifika kama watu ishirini, na kofia, na miavuli, na Mhindi mmoja mwenye kamera shingoni. Mzee Zakaria alikuwa mbele amevaa koti, akiwasomea kibao cha shaba kama Injili. Walipanda juu wakawaona popo. Walizisifu boriti. Walipapasa kuta. Kila mtu alikuwa na daftari, na mimi nilikuwa nyuma yao nikihesabu madaftari, nikitafuta kopo la lami, silioni. Mama alikuwa amevaa kanga zake mpya. Mikono yake ilikuwa ikikunja na kukunjua upindo wa kanga.

Walipoteremka akasema, "Bwana, sasa njoo nikuonyeshe."

Wote wakajazana ghalani. Mama akausogeza mlango, na bila kutazama, akiwa amewaelekea wageni, akaanza kusema. Alisema vizuri. Alisema habari ya desturi ya mafundi, na tindo, na kidole. "Baba yangu alikuwa na vidole tisa. Mkono huu hauna cha shahada. Tazama, bwana."

Bwana Soksi akainama. Akatazama. Akanyoosha mgongo polepole.

"Mama," akasema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kelele, "hapa naona vidole vitano."

Mama akageuka. Sijapata kuona uso kama ule. Aliupeleka mkono, akatia kidole chake cha shahada ndani ya kile changu, akakipitisha juu hadi chini.

"Baba yako aliota kingine, Mama Daudi?" akasema Mzee Zakaria. "Mjusi huota mkia, sijasikia kidole!"

Wakacheka, hata waliokuwa hawajui Kiswahili, kwa sababu kicheko huambukiza. Bwana Soksi hakucheka, lakini alifunga daftari. Nikasikia likifungwa, pa. Na mimi, niliyekuwa nikingoja kupongezwa, nikaanza kurudi kinyumenyume kuelekea nje.

Mngedhani nilisema hapo hapo. Sikusema. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikapanda mpera, nikateremka, nikapanda tena. Nilikwenda kisimani, nikarudi bila maji. Nilijaribu kufanya mzaha jioni ile, mama akiwa anapepea jiko, nikamwigiza Mzee Zakaria na tumbo lake. Kwa kawaida hucheka hata akiwa hataki. Hakuinua kichwa.

"Labda nilikosea," akasema, si kwangu, kwa makaa. "Nilikuwa mdogo. Labda kilikuwa cha mkono wa kushoto. Labda mkono ule ni wa mtu mwingine, na mimi nimekaa miaka yote hii nawasumbua watu."

Ningeweza kuvumilia kipigo. Hilo sikuliweza. Mama alikuwa ameanza kumsahau baba yake mwenyewe, kwa sababu ya msumari wangu. Nilifungua mdomo mara tatu. Mara ya tatu aliniuliza kama nina jino bovu.

Jumapili kanisani sikutulia. Nilibanwa na mama upande mmoja na nguzo upande wa pili, na miguu ilinitembea yenyewe chini ya benchi. Mzee Zakaria alitangaza kwamba wageni wa kundi la pili watafika baada ya ibada, na kwamba wataonyeshwa nyumba "kama ilivyoandikwa". Aliyasisitiza hayo maneno, kisha akatutazama. Mama akainamisha kichwa. Tuliporudi nyumbani alivua kanga mpya, akaingia jikoni, akaniambia nisitoke huko.

Nilitoka.

Walikuwa wameshateremka kutoka juu, kundi jingine, kofia nyingine, ila Bwana Soksi alikuwa yule yule. Mzee Zakaria akanyoosha mkono mbele ya ghala. "Hapa ni ghala tu. Hamna kitu. Tuendelee kwenye kengele ya kanisa."

"Kidole ni changu!" nikapiga kelele.

Wakasimama.

"Kile cha ukutani! Nilikichonga mimi, Ijumaa, kwa msumari! Vilikuwa vinne! Babu alikuwa na vinne, mama hakusema uongo!"

Mzee Zakaria alicheka, akamgeukia Bwana Soksi. "Usimsikilize, bwana. Huyu ndiye aliyetia mamba katika tangi la kanisa. Mzaha ndio kazi yake." Kisha akashusha sauti, lakini sauti ile haikuwahi kushuka sawasawa, ikasikika mpaka jikoni: "Ametumwa na mama yake."

Mama akatokea mlangoni mwa jikoni, mwiko mkononi. Alikuwa akinitazama mimi, na nikaona kwamba hata yeye hajui kama ni kweli au ni mamba mwingine. Hiyo ndiyo siku niliyojua ubaya wa kuwachekesha watu kila siku. Siku ukiwa na la kweli, wanangoja umalizie ucheshi.

Basi nikakimbilia ghalani. Nilijibana nyuma ya mlango, nikauvuta kwa pete yake ukanifunika, nikauzuia kwa mguu, nikatoa msumari mfukoni. Tangu Ijumaa sikuwa nimeutoa, hata kanisani nilikuwa nao. Wakaanza kuuvuta mlango. Mzee Zakaria aliita jina langu na la shetani kwa zamu. Mimi nilichonga. Sikuwa na mchana mzima safari hii, nilikuwa na muda wa mlango mmoja, nikachonga kwa nguvu zangu zote pembeni ya kidole kidogo, hata chokaa ikaniingia machoni, puani, masikioni. Mguu ukateleza. Mlango ukafunguka, nikaanguka miguuni pa watu wa chama, mweupe kama muhogo uliomenywa.

"Haya tazameni!" nikasema nikiwa chini. "Hiki nimekichonga sasa hivi. Tazameni na kile!"

Bibi mmoja wa Kizungu alishika mashavu kana kwamba nimechinja mtu. Bwana Soksi alisema, "Hapana, hapana, hapana," lakini alikuwa ameshapiga magoti. Alitoa kioo cha kukuzia. Alitazama kipya, kifupi, kimepinda ncha kama kinamwita mtu. Alitazama cha Ijumaa, kimepinda vile vile, upande ule ule. Akaniuliza ninaandika kwa mkono gani, nikamwonyesha wa kushoto. Akatia mate kwenye leso, akakisugua cha Ijumaa, na masizi yangu yakatoka, na chini yake kulikuwa kweupe. Kisha akakaa muda mrefu kwenye vile vinne.

"Humu mna mistari ya ngozi," akasema. "Katika hivi viwili, hamna. Hivi viwili vimekwaruzwa. Vile vinne ni mtu." Akainuka, akamgeukia Mzee Zakaria. "Wewe ulimjua huyo fundi?"

Mzee Zakaria alikohoa. Alikuwa mbishi, lakini alikuwa mzee wa kanisa, na ilikuwa Jumapili.

"Nilimjua."

"Mkono wake?"

"Kidole cha shahada hakikuwapo," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu wa kawaida. "Tulikuwa watoto. Alikuwa akitutisha nacho. Alitwambia kimebaki ndani ya ukuta." Kisha akaongeza haraka, "Lakini padri alisimamia!"

Bwana Soksi alikuwa amefungua daftari. "Mama," akaita, "jina la baba yako, tafadhali, taratibu."

Mama alikuja akasimama kizingitini, mwiko bado mkononi unadondosha mchuzi. Alilitamka jina taratibu, Ngowa wa Mwaruwa, kisha akangoja kalamu imalize, kisha akaomba aonyeshwe. Alikuwa amejifunza kusoma kwenye darasa la ubatizo, akifuata kwa kidole. Alilifuata jina lile kwa kidole. Alilifuata mara mbili. Wanachama walivua kofia, sijui kwa nini, labda ghalani kulikuwa na joto.

Walipokwisha kuondoka kuelekea kwenye kengele, mimi nilibaki palepale sakafuni. Nilikuwa nimeamua kwamba mtu aliyeketi chini hapigwi sana. Mama aliweka mwiko juu ya gunia. Alikwenda ukutani, akakikunja kidole chake cha shahada, akautia mkono wake katika mkono wa baba yake, ukaingia, ikabaki nafasi kidogo pande zote. Alikaa hivyo. Nilisikia popo juu wakigombana. Kisha akautoa, akavitazama vidole vyangu viwili, kile cha Ijumaa na kile cha Jumapili, akanigeukia, akasema:

"Baba yangu alikwenda kaburini na vidole tisa, na siku zote alisema vinamtosha. Wewe umempa kumi na kimoja. Nikikuona tena na msumari ndani ya nyumba hii, Daudi, hivyo viwili vya ziada nitavitoa kwako."